Utepe Usio na Jina

Verdiana alipokuwa mtoto kule Usevya, katika nchi ya Mpimbwe, mama yake alikuwa na swali alilomwuliza karibu kila jioni, ingawa binti mwenyewe alikuwa amekaa palepale jikoni bila kuinua hata mguu: "Umerudi?"

Swali lilikuwa na sababu yake. Binti akiwekwa kuangalia chungu cha maharage, alikiangalia kweli, macho yamekazana, mpaka maharage yakakauka na kuungua, naye hakuona wala kunusa. Alikuwa ameshakwenda. Mbele yake kitu kisichokuwapo kilikuwa kimesimama kikiwa kamili: kibanda cha kuku ambacho baba yake alikuwa bado anakitafutia miti, tayari kimeezekwa na jogoo yuko juu, shamba ambalo lilikuwa bado ni matope, tayari mpunga umeinamisha vichwa. Ndugu zake walimcheka. "Huyo msimtume maji," walisema. "Atawaletea ndoo ya mwaka kesho."

Alikua, akamaliza darasa la saba, akaolewa na Anicet, mkulima asiye na maneno mengi, akazaa. Asubuhi alifundisha watoto wadogo wa parokia kuhesabu kwa mbegu za mkwaju. Maradhi yake ya kuondoka hayakupona. Yalijifunza tu kujificha nyuma ya uso wa mtu mzima.

Katika kiangazi cha mwaka 1995 zikaja habari kutoka Mpanda, ambayo siku hizo ilikuwa wilaya ndani ya mkoa wa Rukwa. Ofisi moja ya maendeleo ilikuwa imepata vifaa vya kuchimbia visima, na kabla ya kuvitoa ilitaka kila mahali patakapochimbwa patoe mtu mmoja wa kusomeshwa kazi ya uratibu wa miradi. Kitongoji cha akina Verdiana kilikuwa upande wa mwisho wa mashamba ya mpunga, na shida yake ya maji ilijulikana. Kila kiangazi mto ulikatika ukabaki madimbwi. Dimbwi kubwa ndilo walilochota wenyeji, na ndilo walilonyweshea ng'ombe wao Wasukuma waliohamia kutoka kaskazini. Kufika Septemba maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Watoto waliharisha, na wanaume walikwenda kuchota wakiwa na fimbo.

Kwenye mkutano, mwenyekiti wa kitongoji, mzee Melkiadi, alimtaja Verdiana. Alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake, lakini si hilo lililowafanya watu wagune.

"Mwenyekiti, unampeleka Verdiana Mpanda?" mtu mmoja alisema. "Si atasahau njia ya kurudi!"

Watu wakacheka, naye Verdiana akacheka nao, maana ni kweli.

Melkiadi akangoja kicheko kiishe. "Nimeelezwa kazi yenyewe," alisema. "Wanataka mtu wa kukiona kisima kabla hakijachimbwa. Haya, nani mwingine hapa ana maradhi hayo? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha.

*

Lori lilimpitisha katikati ya mbuga, juu ya daraja ambalo chini yake viboko walikuwa wamelala wakigusana migongo kama mawe yaliyopangwa na mtu. Moshi wa nyasi zinazoungua ulikuwa umefunika miombo yote, na jua lilining'inia jekundu mchana kweupe bila kuumiza macho. Verdiana alishuka Mpanda akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akaenda mtaa wa Majengo kwa binamu yake Scola, aliyekuwa akiuza vitenge vilivyoletwa na treni.

"Kwa hiyo unasomea nini hasa?" Scola aliuliza akimmiminia maji ya kunawa.

"Kupanga kazi."

"Kupanga kazi? Nyie watu wa Mpimbwe! Kwani mpunga mlikuwa mnaulima bila kupanga? Na ukishajua kupanga, kazi yenyewe ataifanya nani?"

"Watu."

"Na wewe?"

Verdiana akafikiri. "Mimi nitaangalia zikutane."

Scola akatikisa kichwa. "Dada, mipango si matumizi. Kula ulale."

Darasa lilikuwa ukumbi wenye paa la bati, na mchana bati lilialika kwa joto kama mtu anayealisha vidole. Mkufunzi aliitwa Gaudensi, Mfipa wa Sumbawanga, mwembamba, shati lake limepigwa pasi hata mikunjo ya mikono. Alizungumza polepole kama mtu aliye ndani ya kanisa. Siku ya kwanza aliwapa karatasi za manila na mikasi, akawaambia wakate tepe. Kila kazi ya mradi iwe na utepe wake: kazi ya siku chache utepe mfupi, kazi ya majuma mengi utepe mrefu. Wabandike ukutani kutoka kushoto kwenda kulia, kwa jinsi kazi zitakavyofuatana.

"Mratibu si fundi," aliwaambia. "Fundi anaijua kazi yake. Mratibu anajua kazi ya huyu inamngoja nani. Niambieni: utepe upi ukichelewa, ukuta mzima unachelewa? Mkishaujua huo, mtakuwa mmejua mradi wenu."

Verdiana aliutazama ukuta ukijaa, akahisi kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Yale yaliyokuwa yakimwondoa jikoni kwa mama yake yalikuwa yametundikwa pale, mbele ya watu, na hakuna aliyecheka. Alasiri upepo uliingia mlangoni, tepe zote zikainuka na kushuka pamoja, kama ubavu wa mnyama mmoja mkubwa aliyelala. Akaondoka.

"Dada Verdiana," Gaudensi alikuwa amesimama mbele yake. "Umekwenda wapi?"

"Nyumbani, mwalimu."

"Umeona nini huko?"

"Kisima kimekwisha. Kina mfuniko. Kuna mwanamke anafua."

"Na kokoto za zege mlileta lini?"

Darasa likaangua kicheko. Kisima alichokiona kilikuwa na kila kitu, na hakuna aliyekuwa ameponda hata jiwe moja.

"Usiiache ndoto yako," Gaudensi alisema bila kucheka. "Ni nzuri. Ila ndoto inaruka kazi. Utepe hauruki. Vitumie vyote viwili."

Hilo ndilo alilolipata Mpanda, kuliko jingine lolote. Kuanzia siku hiyo kila alipokiona kitu kikiwa kamili, alikifuata nyuma, kazi baada ya kazi, mpaka akafika pale miguu yake ilipokuwa. Scola alimwona barazani akitembeza kidole hewani. "Umeanza," alisema, akaendelea kukunja vitenge.

Karibu na mwisho wa mafunzo likaja somo la mambo yanayosimamisha kazi. Gaudensi alitaka wayataje ili kila mmoja ayatafutie nafasi ukutani. Mvua, walisema. Tembo. Kuharisha. Mwaka huu uchaguzi, mwalimu, watu watakuwa mikutanoni. Pombe ikiiva. Akaandika yote ubaoni.

"Kuna jingine?"

Darasa likanyamaza. Kila mtu alilijua jingine. Hakuna kijiji kati ya vile ambacho kingemaliza kiangazi bila kukaa msibani. Lakini kwenye tepe zile kulikuwa na majina ya watu walio hai: fulani ataleta mchanga, fulani atachimba. Ukiweka msiba kati yao, umeshachagua. Umemwandikia mtu siku.

Gaudensi alisubiri, chaki mkononi.

"Mwalimu," alisema Malale, mshiriki kutoka Kabungu, "jingine hata wewe unalijua. Tuendelee."

Wakacheka kicheko kifupi. Gaudensi naye akafuta vumbi la chaki vidoleni, wakaendelea. Hata yeye alikuwa na wazee kwao.

Jioni ile Verdiana alikata utepe mmoja mweupe, hakuandika neno. Aliupeleka ukutani, akaupitisha juu ya majina ya watu wake, hakuona pa kuubandika. Kila mahali palikuwa na mtu. Akaukunja, akaufunga kwenye pindo la khanga yake.

*

Masharti yalikuwa mepesi kuyakumbuka. Ofisi ilikuwa na seti moja tu ya kalibu, vyuma vya mviringo vya kumwagia pete za zege zinazoshikilia kuta za kisima. Lori lingezishusha Usevya, kisha lingezifuata kabla mvua hazijafunga njia, liende nazo Kabungu. Pahali ambapo pete hazitakuwa zimemwagwa kufikia hapo pangerudi nyuma ya foleni, na foleni ilikuwa ndefu kuliko subira ya mtu yeyote anayekunywa dimbwini.

Melkiadi alimpa ukuta wa baraza lake. Verdiana akabandika tepe zake, na kila jioni watu wakaja kuzitazama kama wanavyokwenda kutazama picha za harusi.

"Mimi niko wapi?"

"Hapa. Mchanga."

"Mbona mfupi? Unaniona mvivu?"

"Una mkokoteni, kazi yako itakwisha haraka."

"Ahaa. Andika basi na mkokoteni."

Manyanda, kiongozi wa wafugaji wa kando ya mto, alikuja na fimbo yake begani. Watu wake wangeleta mawe na vijana wa kuchimba. Nao wangejengewa birika la kunyweshea ng'ombe, mbali na kisima cha watu. Manyanda hakujua kusoma, kwa hiyo kwenye utepe wa birika Verdiana alimchorea ng'ombe. Manyanda aliusogeza uso wake mpaka ukakaribia kugusa ukuta.

"Mayu," alisema, kama Wasukuma wanavyomwita mama, "ng'ombe huyu amekosa nundu."

Verdiana akachora nundu.

"Haya. Sasa ni wangu."

Kazi ikaenda. Wanawake walikaa chini ya turubai wakiponda kokoto, nyundo zao zikipokezana kama mazungumzo. Mchanga ukarundikwa. Shimo likaanza, vijana wa pande zote mbili wakipokezana sururu. Utaratibu wa ukutani ulikuwa huu: kwanza kuchimba mpaka majini, ili kina kijulikane, ndipo pete zimwagwe, kwa idadi ya kina hicho, saruji isipotee. Kila jioni Verdiana alisogeza kipande cha uzi mwekundu kuonyesha walipofika, na Melkiadi, aliyekuwa akiumwa kifua tangu moshi wa mbuga ulipoanza, alikaa kwenye kiti chake cha kamba akifuata ule uzi kwa macho. Wakati mwingine walinyamaza wote wawili wakiutazama ukuta, mjomba na mpwa, mpaka giza likazificha tepe.

Alasiri moja ya Oktoba, hewa ikiwa imesimama, Verdiana alifika na uzi wake. Melkiadi alikuwa kitini, kofia gotini, macho kwenye ukuta.

"Tumsifu Yesu Kristo, mjomba."

Hakuitikia. Verdiana akatabasamu, maana aliijua hali ile kwa ndani. Akachuchumaa mbele yake.

"Mjomba. Umerudi?"

Kisha akaugusa mkono wake.

*

Pale kitongojini kulikuwa na mwiko ambao hakuna aliyeuanzisha na hakuna aliyeuvunja. Akifa mzee wa mahali, ardhi yake haifunguliwi tena baada ya kaburi, mpaka matanga yaondolewe. Majembe yote huletwa msibani na kuegemezwa ukutani, makali chini. Basi yakaletwa. Ukuta uliokuwapo ulikuwa ule wa barazani, kwa hiyo majembe yakasimama chini ya tepe, na sururu za kisima zikasimama pamoja nayo. Shimo likabaki nusu, linatazama mbinguni.

Kwa mzee wa cheo kile matanga hayangekuwa ya siku chache. Mawingu tayari yalikuwa yanajikusanya alasiri upande wa Ziwa Rukwa, halafu yanatawanyika kama watu waliobadili mawazo.

Verdiana alikaa kwenye mikeka na wanawake, ubavuni mwa Marsela, mke wa marehemu. Kwenye pindo lake la khanga aliusikia ule utepe kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Mawazo mawili yalimjia kwa zamu. La kwanza: ningeubandika, leo ningekuwa na nafasi, kazi zingekuwa zimejibana kuupisha. La pili: niliukata. Niliukata kwa mikono yangu, nikaupitisha juu ya majina yao. Wazo moja lilimlaumu kwa kutofanya, na jingine kwa kufanya, na yote mawili yalikuwa na sauti yake mwenyewe.

Manyanda alikuja kuhani na dume la ng'ombe la kuchinja msibani. Baada ya kusalimia wazee alimwita Verdiana pembeni.

"Pole, mayu. Pole sana. Yule alikuwa mtu." Akatema mate kando, kwa heshima. "Sasa sikia. Mwiko huu ni wenu, kwetu haupo. Vijana wangu waingie shimoni. Wewe kaa hapa ulie, hujui kitu. Kalibu zile hazina ndugu aliyekufa, siku yake ikifika zitaondoka."

Yalikuwa maneno ya rafiki, na Verdiana alitaka kuyakubali. Akayafuata kwa macho yake ya zamani. Akaona vijana shimoni, akaona maji yanapanda, akaona mfuniko. Kisha akawaona wanawake wa kitongoji na ndoo zao kichwani, Marsela mbele. Walifika penye kisima, wakakipita. Wakashuka mpaka dimbwini.

"Baba Manyanda," alisema, "kitakuwa kisima cha maji, lakini hakitakuwa na wanywaji."

Manyanda akarudisha fimbo yake begani. "Haya. Wewe ndiye mwenye ukuta."

Alirudi mkekani. Wanawake walikuwa wamenyamaza kwa uchovu, na hewa yote ilikuwa na moshi wa magogo na wa mbuga. Verdiana aliutazama ukuta wa tepe juu ya majembe, akaufuata nyuma na mbele, kama alivyofundishwa. Utepe upi ukichelewa, ukuta mzima unachelewa? Tangu mwanzo aliamini ni kuchimba. Lakini shimo halikuwa na lori linalolifuata. Lori lilikuwa linafuata kalibu. Kuchimba kungeweza kungoja matanga, kukaingia hata kwenye mvua za kwanza, mradi pete ziwepo. Shimo lenye pete ndani haliporomoki. Kilichokuwa hakiwezi kungoja ni zege.

"Shangazi," alimwambia Marsela kwa sauti ya chini, maana ndivyo alivyomwita tangu utoto. "Zege linafungua ardhi?"

Marsela hakugeuza kichwa. "Zege ni nini?"

"Mchanga, kokoto, saruji na maji. Tunachanganya juu ya bati, tunamwaga ndani ya chuma. Hakuna jembe."

Bibi mmoja mzee upande wa pili alikuwa amesikia. "Na mchanga? Mchanga si mlichimba?"

"Mchanga ulishaletwa, bibi. Na uliochimba ni mto. Sisi tulizoa."

"Mh," alisema bibi. "Huyu mtoto amesoma kweli."

Wakabishana kwa minong'ono, mkeka hadi mkeka, mpaka kwa wazee wa kiume kwenye moto wao, na maneno yakarudi yamebadilika kidogo, yakaenda tena. Mwisho wote wakamngoja Marsela. Yeye alikuwa anautazama ukuta.

"Alikitazama kitu hiki mpaka mwisho," alisema. "Hata mimi hakunitazama hivyo." Mtu mmoja akacheka kidogo, akajizuia. "Mwageni. Lakini pasiwe na wimbo."

Kulikuwa na tatizo jingine, na Verdiana alilipeleka mwenyewe kando ya mto. Kina cha kisima hakikujulikana. Pete zikipungua, kalibu hazitakuwapo tena za kuongezea. Ilimlazimu amwage nyingi kuliko alizozikadiria, na saruji ya kufanyia hivyo ilikuwa ya birika la ng'ombe.

Manyanda alisikiliza akiwa amesimama kati ya ng'ombe wake, mkono juu ya mgongo wa mmoja.

"Ng'ombe wangu wa ukutani," alisema. "Yule mwenye nundu. Amekwenda wapi?"

"Amehamia mwaka kesho."

"Ng'ombe hanywi mwaka kesho, mayu."

"Najua."

"Vijana wangu wameleta mawe."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekuja kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa. Ukikataa, nitamwaga pete za nusu, nitaomba zitoshe."

Ng'ombe walipumua. Manyanda akampigapiga yule mmoja mgongoni.

"Kanibandulie utepe wangu," alisema mwishowe. "Nitakaa naye mimi. Kiangazi kijacho utakuja kunipigia hodi kumchukua. Na usipokuja, nitakuja mimi na ng'ombe wote, tunywe humo humo kwenye ndoo zenu."

"Nitakuja."

"Tutaona." Lakini jioni alipoletewa ule utepe, aliukunja taratibu akauweka ndani ya kofia yake.

Waliomwaga zege walikumbuka siku zile kwa namna moja: ukimya. Wapimbwe na Wasukuma, watu ambao hata kupura mpunga au kuvuta gogo huanza kwa kumtafuta mwimbishaji, walichanganya na kubeba na kumwaga bila wimbo, na makoleo yakasikika mbali kama mtu anayepumua usingizini. Wanawake walileta maji ya dimbwi kuzinywesha pete zisipasuke. Kila asubuhi kalibu ilifunguliwa na pete mpya ikabaki imekaa juu ya nyasi, kijivu, yenye unyevu, nyingine na nyingine, kama ngoma ambazo hazijawambwa ngozi. Ukungu wa moshi ulizifunika chini, na kwa mbali zilionekana zinaelea.

*

Lori lilipokuja, Gaudensi alikuwa mbele na dereva, shati lake limepigwa pasi. Aliona shimo nusu, akaona pete zote, kisha akaenda barazani akaona majembe. Alivua kofia. Alimpa Marsela mkono, akaketi kimya kwa muda unaofaa. Ndipo akasimama mbele ya ukuta.

"Umegeuza," alisema. "Kuchimba umekuweka nyuma."

"Nimegeuza, mwalimu."

"Nafasi ya hili hukuiacha mwanzoni?"

Verdiana akafungua pindo la khanga, akamwonyesha ule utepe mweupe, sasa una mikunjo kama kiganja. Gaudensi aliushika kwa vidole viwili.

"Siku ile darasani nilisubiri mtu aseme," alisema.

"Nasi tulikusubiri wewe."

Dereva alikuwa anapakia kalibu, chuma kikigonga chuma. Gaudensi alimrudishia utepe wake, wakaondoka kabla mawingu ya upande wa ziwa hayajaamua.

Matanga yaliondolewa. Kila mtu akachukua jembe lake, na ukutani yakabaki mapengo ya vumbi. Siku ileile Verdiana aliubandika ule utepe mahali pake, kati ya zege na kuchimba. Sasa haukuwa unamwita mtu. Kisha wakarudi shimoni. Pete ya kwanza iliteremshwa kwa kamba, wakachimba ndani yake, nayo ikawa inazama yenyewe taratibu, nyingine ikawekwa juu yake. Mvua za kwanza ziliwakuta bado wanachimba, na safari hii waliimba, Kipimbwe kikijibiwa kwa Kisukuma, kila upande ukidai wimbo wa wenzao umepoa. Maji yalitokea asubuhi, kwanza kama jasho kwenye udongo. Siku ilipotoka ndoo ya kwanza ya maji yaliyotulia, Marsela alishuka na kata yake, akasimama. Marsela akachota, akanywa, akampa anayefuata.

Pete zilibaki mbili. Makadirio yalikuwa yamezidi. Verdiana alizitazama kwa aibu, maana ile ilikuwa saruji ya Manyanda imekaa bure kwenye nyasi. Manyanda mwenyewe ndiye aliyezizunguka, akazipiga teke. "Zitie sakafu," alisema. "Ndama watakunywa humu. Wakubwa watangoja." Kiangazi kilichofuata Verdiana alikwenda kupiga hodi kando ya mto, na ng'ombe mwenye nundu akatolewa kofiani, amefifia kwa jasho, akarudi ukutani.

*

Mwaka 1999 ofisi ilikuwa inamwita Verdiana Mpanda kila kiangazi kumsaidia Gaudensi kufundisha. Alilala kwa Scola, ambaye bado aliuliza kazi yenyewe ataifanya nani. Ukumbi ulikuwa uleule, bati likialika. Washiriki walikata tepe zao, wakabandika, wakataja mambo yanayosimamisha kazi: mvua, tembo, pombe. Walipofika pale darasa linaponyamaza, Verdiana hakuwauliza kama kuna jingine. Alichukua tepe nyeupe zisizoandikwa, akabandika mmoja kwenye ukuta wa kila mshiriki, akisogeza tepe nyingine kidogo kuupisha.

Dada mmoja kutoka Inyonga aliinua mkono. "Dada, huu wangu umesahau kuandika jina."

"Sijasahau," alisema Verdiana. "Uache hivyo."

Yule dada alitazama utepe, akatazama majina yaliyo kushoto na kulia kwake, akashusha mkono. Hakuna aliyeuliza tena. Upepo wa alasiri uliingia mlangoni, tepe zote zikainuka na kushuka pamoja, zilizoandikwa na zisizoandikwa, na Verdiana akabaki amesimama akizitazama, chai yake mezani ikiota utando.